Mimbari kubwa, kipaza sauti, ofisi au mtaa: kiongozi wa Kikristo Marekani aweke nguvu zake wapi?

Marekani haina kanisa la taifa. Marekebisho ya Kwanza ya Katiba, ya mwaka 1791, yanalizuia Bunge kuanzisha dini, na hakuna kodi ya kanisa inayokatwa kwenye mshahara wa mtu. Mchungaji hana wa kumlazimisha. Muumini aliyekerwa Jumapili hii, Jumapili ijayo yuko kanisa la ng'ambo ya barabara, wala hasubiri barua ya uhamisho. Ushawishi wote alio nao kiongozi amekopeshwa na watu, na wenye mali wanaweza kuudai siku yoyote.

Siku hizi wanaudai. Mwaka 1985 taasisi ya Gallup ilipouliza Wamarekani juu ya uaminifu wa viongozi wa dini, watu 67 kati ya 100 waliwapa alama za juu. Mwaka 2024 walikuwa 30. Waliojihesabu kuwa washirika wa kanisa au nyumba nyingine ya ibada walikuwa 70 kati ya 100 mwaka 1999, wakashuka hadi 47 mwaka 2020.

Ulinganisho huu ni kwa anayeongoza au anayejiandaa kuongoza Wakristo katika nchi hiyo na hajajua ashike njia ipi. Huenda ni mchungaji wa kusanyiko la Kiswahili linaloingia kwenye jengo la kukodi saa nane mchana, wenyeji wakishamaliza ibada yao. Huenda ni mwanafunzi wa seminari, au mzee wa kanisa aliye kwenye kamati ya kumtafuta mchungaji. Utamfaa pia aliye Mwanza au Goma anayetaka kuiga huduma ya Kimarekani aliyoiona kwenye simu, maana simu haionyeshi katiba ya kanisa wala daftari la hesabu.

Maswali ya kupimia

Njia zote nne zimepimwa kwa maswali yaleyale. Nguvu yake inatoka wapi? Inadai nini? Nani anaweza kumwambia kiongozi "hapana", na hapana yake ikashika? Huvunjikia wapi? Kiongozi akiondoka kinabaki nini?

Swali la tatu nalipa uzito kuliko mengine. Ukifuatilia maanguko makubwa ya viongozi wa huko, utakuta kashfa yenyewe ilikuja baadaye. Kilichotangulia ni siku ambayo mtu wa mwisho aliyeweza kumkatalia kiongozi aliondolewa mezani.

Njia ya kwanza: kanisa kubwa

Watafiti wa dini wa taasisi ya Hartford huliita kanisa "kubwa mno" likifikisha wastani wa wahudhuriaji 2,000 kwa wiki. Usidanganyike na picha za kumbi hizo. Utafiti wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba kusanyiko la katikati kabisa nchini Marekani, ukiyapanga yote kwa ukubwa, lina watu 65 tu.

*Nguvu inatoka wapi.* Hutoka kwenye umati uliokaa mahali pamoja miaka mingi. Rick Warren alianza Saddleback, kusini mwa California, mwaka 1980, kwa kupita nyumba hadi nyumba akiwauliza wasiokwenda kanisani ni nini kinachowazuia. T.D. Jakes alihamia Dallas mwaka 1996 na familia zipatazo hamsini kutoka West Virginia. Lakewood ya Houston ilianzishwa na John Osteen mwaka 1959, mwanawe Joel akaipokea mwaka 1999, na mwaka 2005 ikahamia kwenye uwanja wa ndani wenye viti vipatavyo 16,000 ambako timu ya kikapu ya Rockets ilikuwa ikichezea.

*Inadai nini.* Mahubiri mazuri ni sehemu ndogo. Wapangaji wa makanisa huko hutumia kanuni ya asilimia 80: ukumbi ukijaa kupita hapo, familia ya watu watano haipati viti vya kukaa pamoja, na mgeni harudi. Hapo huongezwa ibada ya pili kabla ya kufikiria jengo. Kisha yanakuja maegesho ya magari, halafu darasa la watoto, ambalo ndilo humfanya mzazi abaki au aondoke. Mtoto hubandikwa kibandiko chenye namba, mzazi akapewa chenye namba ileile, na namba zisipolingana mtoto hatoki mlangoni hata kama mwalimu anamjua mama yake. Kila chumba kina watu wazima wawili wasio ndugu, wote wamechunguzwa rekodi zao za jinai. Kanisa linalopuuza hili kwa sababu "sisi wote tunajuana" linacheza na watoto wa watu.

Watu wakishapita mia mbili hivi, mchungaji hawezi tena kujua ni nani anaumwa. Vikundi vya nyumbani vya watu kumi au kumi na wawili ndivyo hubeba kazi hiyo, na lazima viwe vimesimama kabla umati haujafika.

*Nani anasema hapana.* Inategemea katiba ya kanisa, na hapo ndipo wengi hawasomi. Mars Hill ya Seattle, iliyoanza 1996, ilibadilisha katiba yake mwaka 2007 na madaraka yakakusanyika kwa wazee wachache. Wazee wawili waliopinga mabadiliko hayo walifukuzwa. Mark Driscoll, mhubiri wake mkuu, alijiuzulu Oktoba 2014, na kufikia mwisho wa mwaka huohuo kanisa lenye vituo vipatavyo 15 lilivunjwa. Kanisa la watu maelfu lilikosa uti wa mgongo wa kusimama bila mtu mmoja.

*Huvunjikia wapi.* Pale wazee wanapomlinda mwanzilishi kuliko wanavyowalinda waumini. Bill Hybels wa Willow Creek, karibu na Chicago, aliondoka Aprili 2018 kufuatia tuhuma za wanawake waliosema aliwatendea isivyofaa kingono, ambazo alizikana. Agosti mwaka huo baraza zima la wazee lilitangaza kujiuzulu na kuomba radhi kwa jinsi lilivyolishughulikia jambo hilo.

*Kinabaki nini.* Kinachobaki ni kile kilichoandaliwa mapema. Tim Keller alianzisha Redeemer huko Manhattan mwaka 1989, na alipostaafu uchungaji mwaka 2017 kanisa lilikuwa limegawanywa kwa makusudi kuwa makusanyiko matatu, kila moja na mchungaji wake. Hakuna mrithi mmoja aliyebebeshwa viatu vyake.

*Inamfaa* mpangaji mwenye subira, aliye tayari kukaa mji mmoja miaka ishirini na kuwaachia wengine usimamizi wa fedha. Haimfai anayependa kufahamu kila jina. Huyo kuna kanisa dogo, nalo si daraja la chini. Eugene Peterson alichunga kanisa moja huko Bel Air, Maryland, kwa miaka 29, na tafsiri yake ya Biblia katika Kiingereza cha kila siku, iliyokamilika 2002, ilisomwa na mamilioni wasiojua hata mji huo uko wapi.

Njia ya pili: kipaza sauti

Redio, runinga, vitabu, podikasti, chaneli za mtandaoni. Ndiyo njia rahisi kuliko zote kuingia, na kwa hiyo ndiyo iliyojaa.

*Nguvu inatoka wapi.* Kwenye mazoea ya msikilizaji. Askofu Fulton Sheen aliingia kwenye runinga mwaka 1952 akiwa na ubao na chaki. Januari 2021 padri Mike Schmitz wa Duluth, Minnesota, alianza kusoma Biblia yote kwa vipindi 365, kila kimoja dakika ishirini na kitu, akapanda hadi kileleni mwa orodha ya podikasti za Apple. Kipimo kilikuwa kidogo, kilekile kila siku, na kilikuwa na mwisho unaoonekana. Life.Church ya Oklahoma haikutegemea hata sauti ya mchungaji wake: ilitoa programu ya Biblia ya simu mwaka 2008, bure, na kufikia 2021 ilikuwa imepakuliwa zaidi ya mara milioni 500. Waumini wengi wanaosoma Biblia ya Kiswahili kwenye simu, popote walipo, wanatumia kazi ya kanisa hilo bila kulijua jina.

*Inadai nini.* Fedha kidogo, uthabiti mwingi. Anza na sauti kabla ya picha, kwa sababu msikilizaji huvumilia picha hafifu lakini hukimbia mwangwi. Chumba chenye zulia, mapazia na nguo nyingi humaliza nusu ya tatizo. Rekodi vipindi kumi kabla ya kurusha cha kwanza. Wengi huishia kipindi cha saba, wiki ambayo kuna msiba, ubatizo na zamu ya usiku kazini. Chagua siku moja na saa moja, usiihame.

*Nani anasema hapana.* Usipomweka, hakuna, na hili ndilo la kuogopa. Makanisa ya Marekani hayalazimiki kuijazia idara ya kodi fomu ya mwaka ya hesabu ambayo mashirika mengine ya hisani huijaza. Kiongozi wa huduma ya utangazaji inayohesabiwa kama kanisa anaweza kupokea michango ya nchi nzima bila mtu wa nje kuiona.

Billy Graham, mhubiri wa mikutano mikubwa ya injili, aliliona hilo mapema. Novemba 1948, huko Modesto, California, yeye na wenzake watatu walikaa hotelini wakaorodhesha mambo yaliyowaangusha wahubiri wa kuzunguka. Walikubaliana mambo manne. Fedha zisitegemee kubembeleza umati. Mwanamume asikae peke yake na mwanamke asiye mke wake. Makanisa ya mahali yasisemwe vibaya. Idadi ya watu isitiwe chumvi. Hesabu ya polisi au ya wasimamizi wa uwanja ndiyo itakayotangazwa. Hata hivyo sadaka ya shukrani ya mwisho wa mkutano iliendelea, mpaka mwaka 1950, Atlanta, gazeti moja lilipochapa picha ya Graham akitabasamu na kando yake picha ya magunia ya sadaka. Baada ya hapo akawekewa mshahara na bodi, sawa na wa mchungaji wa kanisa kubwa la mjini. Wazee wa Moshi na Kisumu waliomsikia mwaka 1960 walimsikia mtu aliyekwisha kujifunga kamba hiyo.

Kipimo cha leo kipo. ECFA, chombo cha uwajibikaji wa fedha kilichoundwa 1979, humtaka mwanachama awe na bodi ya watu wasiopungua watano, wengi wao wasiwe ndugu wala waajiriwa wa kiongozi. Hata kama hujiungi, nakili kanuni hiyo. Mke, shemeji na rafiki wa utotoni si bodi.

*Huvunjikia wapi.* Fedha kwanza. Jim Bakker, mwenye kipindi cha runinga cha PTL, aliuza ahadi za malazi kwenye kituo chake cha mapumziko kwa watu wengi kuliko vyumba vilivyokuwepo, na mwaka 1989 alipatikana na hatia ya ulaghai. Pili ni njaa ya maoni na idadi: kipindi kikali hupata watazamaji zaidi, kwa hiyo ukali huongezeka kila wiki hadi mhubiri anakuwa mtu ambaye kanisa lake lenyewe halimtambui.

*Kinabaki nini.* Rekodi hubaki, watu hutawanyika. Graham alilijua hili pia: aliyeitikia wito mkutanoni alijaziwa kadi, na kadi ilipelekwa kwa kanisa lililo karibu na anapoishi.

*Inamfaa* mwalimu anayeeleweka bila kuonekana, mwenye kanisa la kudumu nyuma yake.

Njia ya tatu: ofisi ya dhehebu

Vijana huidharau, nami naona wanakosea.

*Nguvu inatoka wapi.* Kwenye uteuzi. Chukua Wabaptisti wa Kusini, dhehebu kubwa kuliko yote ya Kiprotestanti nchini humo, lenye washirika karibu milioni 12.7 mwaka 2024. Rais wake huchaguliwa kwa mwaka mmoja, kwa desturi hupata miwili, na hana amri juu ya kanisa lolote la mahali. Lakini huteua kamati, kamati hiyo hupendekeza kamati nyingine, na hiyo ya pili hupendekeza wajumbe wa bodi za seminari na mashirika ya misheni. Mwaka 1979, Houston, kundi la wahafidhina lilimchagua Adrian Rogers kwa kuielewa ngazi hiyo, likaendelea kushinda urais mwaka baada ya mwaka. Bodi zikabadilika, kisha walimu wa seminari, kisha wachungaji waliofundishwa nao. Hakuna mahubiri ya redio yaliyoligeuza dhehebu hilo kiasi hicho.

Ofisi pia hufungua milango. Michael Curry aliongoza Kanisa la Episcopal, la Waanglikana wa Marekani, tangu 2015 hadi 2024, kipindi cha miaka tisa kilichowekwa na kanuni, na cheo hicho kilikuwa nyuma yake alipohubiri kwenye harusi ya kifalme Uingereza mwaka 2018. Januari 21, 2025, Askofu Mariann Budde wa Washington alimwomba rais, uso kwa uso ndani ya kanisa kuu, awahurumie wahamiaji na wenye hofu. Mhubiri asiye na mimbari ile asingesikika.

Waluteri wanaosoma hapa wanaijua faida nyingine. Uhusiano wa Bega kwa Bega kati ya Sinodi ya Saint Paul, Minnesota, na Dayosisi ya Iringa ya KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) umedumu tangu miaka ya 1980 kwa sababu umeshikwa na ofisi. Wachungaji wamekuja na kuondoka, uhusiano upo.

*Inadai nini.* Miaka ya vikao. Kusoma kanuni, kuandika mihtasari, kuhudhuria mkutano wa jimbo Ijumaa usiku wakati wenzako wako kwenye mkesha.

*Nani anasema hapana.* Wengi, na kwa maandishi: sinodi, mabaraza, ukomo wa muda. Ndiyo njia yenye breki nyingi kuliko zote.

*Huvunjikia wapi.* Breki hizohizo huweza kulizima gari. Kanisa la Muungano la Methodisti lilibishana miongo kadhaa juu ya ndoa za jinsia moja, na kufikia mwisho wa 2023 makusanyiko zaidi ya 7,600 yalikuwa yameruhusiwa kuondoka. Ofisi inaweza pia kujilinda yenyewe: ripoti ya Mei 2022 juu ya Wabaptisti wa Kusini ilionyesha viongozi wa ofisi kuu walivyowapuuza kwa miaka waathirika wa unyanyasaji wa kingono.

*Kinabaki nini.* Kanuni, seminari, mifuko ya pensheni, uhusiano wa kimataifa. *Inamfaa* mvumilivu asiyehitaji kutajwa jina.

Njia ya nne: mtaa

*Nguvu inatoka wapi.* Kwenye shida ambayo watu wanaibeba tayari. Montgomery, Alabama, Desemba 1955: Rosa Parks, mwanamke Mweusi, anakamatwa kwa kukataa kumpisha Mzungu kiti ndani ya basi, na Jo Ann Robinson pamoja na kina mama wenzake wanachapa usiku uleule maelfu ya vipeperushi vya kuhimiza watu wagomee mabasi. Mchungaji Martin Luther King Jr., mwenye miaka 26, hakuanzisha lile vuguvugu. Alichaguliwa kuliongoza.

Tazama jinsi lilivyokwenda. Watu walioacha mabasi walihitaji kufika kazini kila siku. Yalipangwa magari yapatayo 300, yenye vituo 48 vya kupakia asubuhi na 42 vya kurudishia jioni. Makanisa yaliandikisha magari makubwa kwa majina yao. Kampuni za bima zilipoyafutia bima, ilitafutwa mpya hadi ikapatikana London. Siku 381. Usiku wa mikutano, makanisani, nyimbo na maombi vilikwenda sambamba na taarifa ya mafuta na madereva. Anayekumbuka hotuba peke yake ameacha sehemu iliyoshinda.

*Inadai nini.* Mwili. Nyumba ya King ilipigwa bomu Januari 30, 1956, mke na mtoto wakiwa ndani. Mwaka 2013 mchungaji William Barber alipoongoza maandamano ya Jumatatu za Maadili huko North Carolina, zaidi ya watu 900 walikamatwa. Kwa asiye raia hili ni zito mara mbili, maana kukamatwa kunaweza kuligusa ombi lake la kadi ya kijani. Aliyeingia kwa viza ya wahudumu wa dini, ambayo ina ukomo wa miaka mitano na humfunga kwa kanisa lililomwombea, azungumze na mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kuketi barabarani.

Kuna mpaka mwingine. Kipengele cha sheria ya kodi cha mwaka 1954 kinazikataza taasisi zisizolipa kodi, makanisa yakiwemo, kumpigia debe mgombea. Kuzungumzia mishahara, magereza au uhamiaji ni halali. Mipaka yake imekuwa ikibishaniwa mahakamani, kwa hiyo usitegemee ulichosikia kwa jirani.

*Nani anasema hapana.* Watu wenyewe, kwa miguu yao. Wasipotembea, hakuna mgomo.

*Huvunjikia wapi.* Madai yakiwa mengi kupita kiasi, kiongozi akihesabiwa kuwa mali ya chama, au uchovu ukiingia kabla ya ushindi mdogo wa kwanza.

*Kinabaki nini.* Sheria. Uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani wa Novemba 1956 ulivunja ubaguzi kwenye mabasi yale. Urafiki pia: shirika la King lilimwandalia Tom Mboya karamu Atlanta mwaka 1959, wakati akiwatafutia vijana wa Kenya nafasi za masomo. *Inamfaa* anayeaminiwa na walioumia kuliko anavyofahamika na waandishi wa habari.

Njia hizi si kuta. Julai 1957 Graham alimwalika King kuomba kwenye mkutano wake wa Madison Square Garden.

Ukiwa katika hali hii

*Kusanyiko la Kiswahili la watu chini ya mia, jengo la kukodi.* Usikimbilie jengo. Fungua akaunti ya benki yenye sahihi mbili, andika katiba, tengeneza bodi ya watano. Kisha chagua huduma moja ya mtaa ambayo wageni wanaihitaji kweli: kusindikizwa mahakama ya uhamiaji, kujaza fomu za shule, leseni ya udereva. Vijana wenu watataka Kiingereza. Wapeni darasa lao mapema, kabla hawajaondoka.

*Mwalimu mzuri, mwenye ajira ya kutwa.* Kipaza sauti, kipindi cha dakika ishirini kwa wiki, chini ya wazee wa kanisa lako. Waombe wasikilize kabla ya kurushwa kwa miezi mitatu ya kwanza.

*Mchungaji wa KKKT, Anglikana au Katoliki aliyehamia.* Tayari una ofisi. Nenda kwa askofu wa huko na barua yako kabla ya kufungua chochote chenye jina jipya.

*Kanisa linakua haraka, karibu watu 150.* Simamisheni vikundi vya nyumbani na utaratibu wa watoto sasa. Mchungaji akishindwa kutaja mshahara wake mbele ya bodi, simamisheni upanuzi.

*Kamati inayotafuta mchungaji.* Ombeni vitu vitatu: katiba ya kanisa analotoka, taarifa ya mkaguzi wa hesabu, na namba ya simu ya mtu aliyewahi kumkatalia jambo na bado wanasalimiana. Mpigieni huyo wa tatu kwanza.